Mstari wa Chaki Mgongoni

"Vimekwenda! Nimevipeleka mwenyewe kwa mikono yangu hii, na tangu hapo nani kasikia hata kwii humu ndani? Sasa wewe wifi unataka nini tena?"

"Nataka unyamaze kidogo, nimgonge mume wangu mgongo."

"Jana umemgonga, juzi umemgonga. Mgongo wa mdogo wangu umegeuka mlango?"

"Ukiwa mlango, basi kuna mtu ndani anajaza maji. Geuka, Fundi."

Fundi Viatu, ambaye ndiye aliyekuwa akigombewa, alikuwa amekaa kifua wazi kwenye kigoda chake cha kazi, misumari mitatu ya soli ikiwa imechomoza midomoni. Aligeuka polepole kama kabati linalosogezwa na watu wasioelewana. Upande wa kulia wa mgongo wake palikuwa na mistari miwili ya chaki, ile chaki ya kuchorea ngozi kabla ya kuikata. Mmoja ulikuwa chini, karibu na mbavu za mwisho. Wa pili ulikuwa vidole viwili juu yake.

Dada yake mkubwa, mpiga pasi wa mtaa mzima, alisimama katikati ya chumba na pasi yake ya mkaa mkononi. Ilikuwa imepoa zamani, lakini alikuwa na tabia ya kutembea nayo kila anapokwenda kugombana. Na mkewe, aliyeshika chaki, ndiye Mama Mapipa, na jina hilo halikumjia hivi hivi.

Mama Mapipa hakuwahi kuliona darasa ila kwa nje. Saini yake ilikuwa dole gumba. Lakini kwa miaka ishirini na sita alikuwa akifagia jengo lile la nyuma ya hospitali, ambamo vijana wanaosomea udaktari hufundishwa mwili wa mtu kwa kuufungua. Humo mlikuwa na mapipa makubwa ya chuma yenye dawa ya kuzuia miili isioze, na kazi yake mojawapo ilikuwa kujua kila pipa limebaki na kiasi gani. Kulifunua hakuruhusiwa, maana dawa ile ikikupiga puani unalia mpaka marehemu waone wamepata ndugu. Basi alikuwa akigonga. Anaweka kidole kwenye chuma, anakigonga kwa kidole cha mkono wa pili, akianzia juu akishuka. Palipo patupu panasema ndu, ndu, ndu. Akifika kwenye dawa, pipa linanyamaza, linasema ti, kama jiwe. Hapo anachora mstari wa chaki. Katika miaka ishirini na sita hakukosea hata kwa upana wa ukucha, na siku moja aligonga pipa akasema, "Humu mna dawa na chura," likafunguliwa, chura akatoka akiwa amelewa.

Mapafu aliyafahamu kama vyungu vyake mwenyewe. Mzee aliyekuwa akiandaa miili, mtu mpole aliyenuka dawa hata akiwa amevaa nguo za harusi, alimfundisha kwa kumpa ayasuuze. La kulia lina vipande vitatu, la kushoto viwili, na hilo la kushoto limekatika kidogo ubavuni, pamoja na kilimi chembamba chini yake, kwa sababu limesogea kuupisha moyo. Koromeo la hewa likishuka linagawanyika mara mbili, kila tawi nalo linagawanyika, mpaka mwisho huoni tena mti, unaona povu. Ndiyo maana pafu ukilitia kwenye beseni linaelea. Lilivyo jepesi, Mama Mapipa alisema, ukiligeuzia mgongo linaweza kukusahau.

Kulikuwa na pafu moja ndani ya chupa ya kioo, kwenye rafu ya dirishani, ambalo hakulipenda. Kila asubuhi akifika alikuta kioo kimeingia ukungu kwa ndani, sehemu moja tu, mviringo wa ukubwa wa mdomo. Akifuta kwa nje hautoki. Akisema, "Umeamkaje, babu?" unapotea. Siku asiyosalimia unabaki mpaka mchana. Alimwambia yule mzee, naye akamjibu bila kuinua kichwa, "Basi wewe usiache kusalimia."

Huyo ndiye mwanamke aliyekuwa amesimama nyuma ya mumewe siku hiyo, na kidole chake kwenye ubavu.

Mambo yalianza na kasha. Fundi Viatu alikuwa na kasha la mbao, refu na tupu kama ngoma, alimokuwa akiweka viatu ambavyo wenyewe hawajavifuata. Akifanya kazi aliegemeza mgongo hapo. Mwezi ule kashani mlikuwa na jozi moja tu, viatu vyeusi vya ngozi mpya vya Mpiga Tarumbeta wa bendi, jirani aliyekuwa na mashavu ambayo, wifi alikuwa tayari kula kiapo, yaliwahi kumzimia mkaa wa pasi kutoka ng'ambo ya barabara. Viatu vile vililetwa kubadilishwa visigino, vikabadilishwa, vikakaa. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Kisha bendi ikapita mtaani mchana, polepole, nyuma ya jeneza. Ngoma zikalia, zumari zikalia, tarumbeta haikulia. Watu wote wakatazamana milangoni. Wifi ndiye aliyesema kwanza: "Haya. Tarumbeta imelala sandukuni na mwenyewe kalala kwenye lake." Hakuna aliyekwenda kuuliza, maana kila mtu alidhani mwenzake ndiye aliyeambiwa.

Siku ya nne baada ya hapo, Fundi Viatu, ambaye tangu jana yake alikuwa na homa na kichomi cha ubavuni alichokiita gesi, alikaa kazini, akaegemea kasha, na ndani ya kasha kukaanza kutembewa.

Kwii. Kwaa. Kwii. Kwaa. Ilikuwa sauti ya ngozi mpya inayokunjika mguuni, hatua ya mtu asiye na haraka. Fundi akaruka, akafunua kasha. Viatu vimetulia kimoja kando ya kingine, kamba zimefungwa. Akakaa, akaegemea. Kwii. Kwaa.

Wifi aliitwa. Alisikia kwa masikio yake mawili, macho yakamtoka. Majirani wakaja kusikiliza mmoja mmoja kama watu wanaokwenda kutazama mtoto mchanga. Mtu yeyote mwingine akiegemea kasha, kimya. Fundi akiegemea, viatu vinatembea. "Vinamtaka yeye," wifi alinong'ona. "Yeye ndiye aliyevigusa mwisho."

Mama Mapipa alirudi kutoka kazini akakuta nyumba imejaa. Alisubiri watu watoke, akamtazama mumewe alivyosinzia mgongo kwenye kasha, akaona jambo ambalo wengine hawakuliona kwa kuwa walikuwa wakitazama kasha. Kifua kikipanda, kwii. Kifua kikishuka, kwaa.

"Fundi," alimwamsha, "hebu zuia pumzi."

Akazuia. Hatua zikakoma njiani, kama mtu aliyesimama kusikiliza.

"Iachie."

Kwaa.

Mama Mapipa alimwambia wifi asubuhi yake: sauti haimo kashani, imo mwilini, kasha linaikuza tu kama ngoma. Wifi akacheka mpaka akashika ukuta. "Kwa hiyo mdogo wangu kameza viatu? Vinazuia hatua akizuia pumzi kwa sababu vinamsikiliza, wifi! Vinamwinda!" Na Fundi, ambaye alifuata maneno ya dada yake tangu alipokuwa akibebwa naye mgongoni, alikubali. Siku ya Alhamisi wifi alivitia viatu ndani ya gunia, akavipeleka makaburini, akaviweka juu ya kaburi lililokuwa bado na udongo mbichi, visigino kwa kichwa, vidole kwa miguu, ili mwenyewe asipate taabu ya kugeuka.

Jumamosi nyumba ikawa kimya. Fundi akaegemea kasha: hakuna kitu. Kichomi nacho kikapungua. Wifi alipita mtaani kifua mbele kana kwamba ameoa. Watu wakacheka, wakapiga makofi, na katika furaha yote hiyo aliyekaa pembeni amejikunyata ni Mama Mapipa peke yake, kwa sababu alikumbuka.

Alikumbuka meza ya tatu kutoka dirishani, miaka mingi nyuma, na yule mzee akimwita aone. Mbavu zilikuwa wazi. Upande mmoja pafu limejaa, laini, linang'aa. Upande wa pili pafu hakuna. Kuna maji ya rangi ya chai, na juu kabisa, limebanwa kwenye mzizi wake, kitu kama ngumi ya mtoto. "Hilo ndilo pafu," mzee alisema. "Huyu kwanza ubavu wake ulikwaruza, akausikia. Halafu ukanyamaza, akashukuru. Wengi wanaonijia na maji ubavuni, mama, kuna siku walishukuru kwa sababu ya kimya."

Basi Jumamosi hiyo alimgeuza mumewe, akagonga. Ndu, ndu, ndu, akashuka, ndu, akashuka. Ti. Akachora mstari. Jumapili akagonga tena. Jiwe lilikuwa limepanda vidole viwili.

Na leo Jumatatu, adhuhuri, alikuwa ametoroka kazini, na wifi alikuwa amemkuta akisema neno hospitali.

"Gonga basi," wifi alisema. "Gonga tuone maigizo."

Mama Mapipa aliweka kidole chini ya bega. Ndu. Akashuka kidogo. Hata wifi, bila kupenda, aliinamisha sikio. Ndu. Akashuka kwa upana wa kidole kimoja. Ti.

Mstari wa tatu ulipita chini kidogo ya ncha ya mfupa wa bega, vidole vitatu juu ya wa jana. Ukitazama mgongo ule ungedhani ni ukuta wa nyumba iliyo bondeni, mto unapanda na kuandika kila siku ulipofika.

"Unapanda," Fundi alisema. Hakuuona, lakini alihisi chaki. Neno moja hilo lilimmalizia pumzi nzima. Alikuwa mtu wa kupiga mluzi na misumari mdomoni. Siku tatu sasa hakupiga.

"Si lolote," wifi alisema, lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Hata kama ni maji, maji yameingiaje kwenye pafu? Amezama wapi? Kwenye gundi?"

"Hayamo kwenye pafu. Lete mkono wako."

"Wa nini?"

"Lete, wifi, sikukati."

Mama Mapipa alichukua mfuko wa nailoni, akatia maji funda moja, akatoa hewa, akaufunga mdomo kwa uzi wa kushonea. Akauweka kwenye mkebe mtupu wa gundi. "Kunja ngumi. Sukuma ngumi yako kwenye mfuko mpaka uzame mkebeni. Haya. Mkono umelowa?"

"Haujalowa."

"Ngumi yako ndiyo pafu. Mkebe ndio mbavu, na chini ndipo ulipo ule ukuta wa nyama unaotenga kifua na tumbo. Nailoni ni moja, lakini sasa zimekuwa mbili: moja imekuganda mkononi, inaingia hata katikati ya vidole, na ya pili imegusa mkebe. Zinakutana hapa kwenye kifundo, kwenye mzizi. Kila pafu lina mfuko wake. Katikati ya tando hizo mbili hamna kitu ila utelezi kidogo, hata kijiko hakijai, ili pafu likipanda na kushuka lisichubuke. Zungusha mkono."

Wifi akazungusha. Nailoni iliteleza juu ya nailoni.

"Sasa tando zikipata homa zinakauka na kukwaruzana. Zinalia namna gani?"

Fundi ndiye aliyejibu, taratibu, akitazama sakafu: "Kama ngozi mpya."

"Kwa hiyo maskini ya Mungu hata viatu havikusema neno. Toa mkono, wifi." Alifungua mfuko, akaujaza maji mpaka ukavimba, akaufunga, akaurudisha mkebeni. "Ingiza tena. Kwa nguvu. Sasa fungua vidole."

Wifi alisukuma, akakunja uso, mishipa ya shingo ikasimama. Vidole havikufunguka.

"Kuna kwii?"

"Hakuna."

"Hakuna, kwa sababu maji yamezitenga, hazigusani tena. Hicho ndicho kimya ulichotembea nacho mtaani. Mfuko ungali unajazwa, na yeye anatumia la kushoto peke yake. Leo wakimchoma sindano kati ya mbavu mbili, hawaligusi pafu, wanaingia kwenye nafasi ya katikati tu, wanayatoa maji, pafu linafunguka, kisha wanatafuta kilicholeta homa. Kesho kutwa mstari utafika hapa." Akaweka chaki begani. "Huku hakuna nafasi ya kuchora tena."

Wifi aliuchomoa mkono wake akaupangusa kwenye kanga, ingawa ulikuwa mkavu. Alikuwa ameingiwa na hofu, na kwa vile hofu kwake ilikuwa aibu, alipaza sauti. "Mimi nimemlea huyu! Wewe umelelewa na maiti! Viatu viliondoka Alhamisi, sauti ikaondoka Jumamosi, marehemu amepata chake. Ukimpeleka kule na sindano zenu unakwenda kuamsha kilicholala!"

"Fundi, sema wewe," Mama Mapipa alisema. "Mgongo ni wako."

Fundi Viatu alitoa misumari mdomoni, mmoja, wa pili, wa tatu, akaipanga juu ya paja. Alisema kwa vipande, akivuta hewa kati ya neno na neno.

"Mke wangu, siogopi sindano. Naogopa lile geti. Ni geti moja. Wagonjwa wanaingilia hapo, na wale wako wanaingilia hapo. Miaka ishirini na sita, kila ukirudi nakuuliza leo wameletwa wangapi, tunacheka. Sitaki siku moja ugonge pipa, halafu ugeuke, uone ni mimi niko mezani. Hapa kwetu ni kimya. Niache na kimya changu."

Chaki ilivunjika mkononi mwa Mama Mapipa. Akapiga magoti nyuma yake, akaweka sikio kwenye ubavu wa kulia, pale chini ya mstari wa kwanza. Hakukuwa na pumzi humo. Hakukuwa na chochote. Ulikuwa kama ukuta wa chumba ambacho mtu amehama.

"Wanaokuja kwangu," alisema, sikio likiwa bado pale, "ni wale waliokataa kupita getini mapema."

"Usimtishe!" wifi alifoka. "Mdogo wangu, usimsikilize, marehemu kashapata viatu vyake, neno limekwisha, mimi nakuam—"

Kwii.

Ilitoka ukumbini. Wifi alibaki mdomo wazi.

Kwaa.

"Vimerudi," alinong'ona. Pasi ilimponyoka ikaanguka kwenye vipande vya ngozi bila kishindo. "Nilikwambia. Umeviita. Vimerudi kumchukua."

Kwii. Kwaa. Hatua ya mtu asiye na haraka, mchana kweupe, na ukumbini jua limejaa mpaka mlangoni.

"Zuia pumzi, Fundi," Mama Mapipa alisema.

Akafumba mdomo. Mashavu yakatuna. Wote watatu wakasikiliza.

Kwii. Kwaa. Karibu zaidi.

"Kazuia?" wifi aliuliza.

"Kazuia," Mama Mapipa alijibu, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita nywele zake zilimsimama, kwa sababu mkono wake ulikuwa kwenye mgongo wa mumewe, na mgongo umetulia kabisa, na hatua zinakuja.

Pazia la mlangoni likasogea. Viatu viliingia kwanza, vyeusi, vina udongo mwekundu wa makaburini kwenye visigino vipya. Kisha suruali. Kisha tarumbeta, imebanwa kwapani. Juu ya hayo yote, mashavu.

"Hodi," mwenye mashavu alisema, akiwa amekwisha ingia. "Nimerudi leo safarini, nikapita kuzuru kaburi la mwenzangu, nakuta viatu vyangu vimesimama juu yake kama vinasubiri gari. Nani kati yenu kavipeleka kule?"

Wifi alishika ukuta. "Wewe... bendi ilipita. Tarumbeta haikulia. Tulisikia wote, haikulia!"

"Aliyekufa ni mpiga zeze. Mimi nilikuwa mbele, nimebeba jeneza upande wa kule, mama. Ulitaka niipige kwa mkono gani?"

Fundi Viatu aliiachia pumzi, ikatoka fupi, imekatika njiani. Alivitazama viatu na mwenyewe, akalitazama kasha tupu, akapeleka mkono nyuma akagusa mstari wa juu, kidole kikarudi cheupe. Hakumtazama dada yake. Alinyoosha mkono huo kwenye msumari uliokuwa ukutani, akatungua shati lake la kutokea, akampa mkewe shikizo la kwanza alifunge.